Waliodungwa malaria Kilifi, na swali la shemeji yangu

Shemeji yangu mdogo ni wa boda, stage yake iko pale mjini Kilifi, na si mtu wa makaratasi kabisa. Kwa hivyo siku alipokuja mlangoni saa moja usiku bado amevaa lile koti lake zito la mvua na mvua yenyewe hakuna, akatoa mfukoni fomu ya kurasa kumi na kitu imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika, nikajua leo kuna jambo.

"Shem, nisomee hii. Wanatafuta watu wa kujitolea kwa utafiti wa chanjo, na kuna pesa. Niingie ama ndo mtaniandalia matanga?"

Mimi si daktari. Niliwahi kufanya kazi ya nyanjani kwa mradi mmoja, kuzunguka vijijini na fomu na kalamu, basi familia nzima tangu hapo wananiona daktari nusu. Nikamwambia kabla sijakusomea hii yako hebu nikupe kisa cha wale waliodungwa malaria, manake ukikielewa kile hizi zingine zote utazisoma mwenyewe. Akasema zile ni stori za vijiweni. Nikamwambia si stori, ilifanyika hapa hapa, na watu wake tunapishana nao sokoni.

Iko hivi. Kati ya 2016 na 2018 programu ya utafiti ya KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, ambayo imekuwa hapa Kilifi tangu 1989, ilichukua watu wazima wenye afya zao, umri miaka 18 hadi 45, ikawadunga vimelea vya malaria vilivyo hai moja kwa moja kwenye mshipa wa damu. Si chanjo, si dawa, ni malaria yenyewe. Utafiti uliitwa CHMI-SIKA. Kila mtu alipata sporozoiti 3,200, hizo ndo zile mbu hutuachia akituuma, ila hizi hazikutoka kwa mbu wa mtaroni. Zilitengenezwa na kampuni inaitwa Sanaria huko Maryland, Marekani, wao hufuga mbu kwenye maabara safi kabisa, wanatoa vimelea, wanavisafisha, wanavigandisha kwenye baridi ya naitrojeni na vinasafirishwa vikiwa hivyo hivyo vimeganda. Na aina ya malaria yenyewe inajulikana vizuri, inasikia dawa za kawaida. Hapo shemeji akauliza swali la maana kuliko alivyojua, akasema kwa hivyo walijua dawa ya kuiua kabla hawajaipandisha kwa mtu? Ndio. Wangekuwa hawaijui, mchezo huo usingeruhusiwa na mtu yeyote.

Sasa kwa nini umdunge mtu malaria makusudi wakati hospitali imejaa wagonjwa wa malaria?

Manake mtu aliyekulia huku kwetu ameshaumwa na mbu mpaka damu yake imejifunza kitu. Anaweza kuwa na vimelea na asihisi lolote, anaenda shamba, anacheza mpira jioni, wakati mtalii aliyetua juzi Malindi akipata hivyo hivyo analazwa na dripu. Kinga hiyo iko, kila mtu anajua iko, lakini ni kitu gani hasa ndani ya damu kinachofanya hiyo kazi? Huwezi kujua kwa kukaa ukisubiri mbu, manake hujui amemuuma nani, lini, na kaacha vimelea vingapi. Kwa hivyo wanasayansi, akiwemo Mkenya mwenzetu Faith Osier ambaye ni mtaalamu wa kinga, wakataka watu wote wapewe kiasi kimoja, halafu waangaliwe nani anaugua na nani damu yake inapigana. Wakachukua watu wa Kilifi na wengine kutoka Ahero kule upande wa Kisumu ambako malaria ni kali zaidi, ili waone tofauti. Ukijua kingamwili zinazofanya kazi, yaani wale askari wa damu, umepata ramani ya kutengeneza chanjo.

Na hawakuwa wa kwanza Afrika. Bagamoyo 2012, Taasisi ya Afya Ifakara walishafanya hivyo na vijana wa kiume kutoka Dar es Salaam, wao walidungwa kwenye ngozi si kwenye mshipa, na karibu wote waliodungwa vimelea wakapata malaria, wakatibiwa, wakapona. Kwa hivyo Kilifi walikuwa na pa kushika.

Sehemu inayofuata ndo nataka mtu anayefikiria kujitolea kwa utafiti wowote aiangalie kwa makini, manake ndo inaonyesha hatari inashughulikiwa vipi.

Kwanza kuna kupimwa kabla, na huko wengi hutolewa. Moyo, damu, ini, ujauzito kwa kina dada, selimundu. Nilipokuwa nyanjani nilikuwa naona watu wakitolewa kwenye kupimwa wanachukulia kama wamefeli mtihani wa darasa la nane, wanatoka wamenuna, kumbe pale ndo mradi umekufanyia wema, umeambiwa mwili wako haufai kwa jambo hili na umeambiwa bure.

Pili waliopita hawakudungwa wakaambiwa nendeni nyumbani mtapiga simu mkisikia homa. Walikaa pamoja, kwenye hosteli za Chuo Kikuu cha Pwani, zaidi ya wiki tatu, na wahudumu wako hapo mchana na usiku. Wiki ya kwanza vimelea vinakuwa vimejificha kwenye ini, kwenye damu huoni kitu. Kuanzia kama siku ya 8 damu inatolewa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, baadaye mara moja, mpaka siku ya 21, na ile damu inapimwa kwa PCR ambayo inaona vimelea vichache sana ambavyo darubini ya hospitali ya kawaida haivioni. Ukipata homa na vimelea viko, unatibiwa. Usipopata homa lakini vimelea vimefika 500 kwa mikrolita moja ya damu, unatibiwa pia, hata kama wewe unajisikia uko fiti unataka kucheza draft. Na siku ya 21 ikifika hujaugua, bado unapewa dawa, hakuna anayerudi nyumbani na malaria ya watu mwilini.

Shemeji akasema hiyo damu ya mara mbili kwa siku ndo inamtisha kuliko malaria. Nikamwelewa. Huku kwetu mambo ya damu yana historia, wazee wanakwambia habari za mumiani, na kila mradi wa utafiti ulipofika uvumi ulifika kabla yake, ati damu inauzwa, ati ni ya mambo ya shetani. Mimi mwenyewe nimeshafungiwa mlango na mama mmoja huku mtoto wake anachungulia dirishani ananicheka. Na sitaki kusema ni ujinga, manake kuna watu duniani walidanganywa kweli. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende waliachwa wakaangaliwa tu ugonjwa unavyowala, hata baada ya penisilini, dawa ya kuutibu, kupatikana miaka ya 1940. Kano, Nigeria, 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto, na kesi kuhusu kama wazazi walielezwa na kukubali zikavutwa miaka na miaka. Kwa hivyo mtu akikuuliza damu inaenda wapi, hilo ni swali halali, na lina jibu lake kwenye fomu: ni kiasi gani, inapimwa nini, inabaki wapi, inasafirishwa nje ama la, na je wakitaka kuitumia kwa utafiti mwingine baadaye watakuuliza. Ya shemeji ilikuwa na sehemu ya kuweka alama ya kukubali ama kukataa damu yake ihifadhiwe. Yeye alikuwa hajaiona, mtu alimwonyesha tu pa kusaini. Hapo nilikasirika kidogo, lakini tutarudi.

Turudi Kilifi. Waliodungwa walikuwa 161. Waliohesabiwa mwishoni ni 142. Kati yao 26 walipata homa wakatibiwa, 30 walifika kile kiwango cha 500 bila homa wakatibiwa, 53 walikuwa na vimelea damuni lakini havikufika popote, mwili ukavibana hapo hapo, na 33 hata PCR haikuona kitu mpaka siku ya 21. Hebu fikiria, watu 33 wamedungwa malaria hai mshipani na damu yao ikaimeza kama maji. Hiyo ndo ramani niliyosema.

Lakini mimi kilichonishika si hao 33. Ni wale 19.

161 toa 142 unabaki na 19. Hawa walidungwa, walilala hosteli, walitolewa damu asubuhi na jioni kama wenzao, halafu hawakuingia kwenye hesabu. Wengine ni kwa sababu vimelea walivyokutwa navyo si vile vya sindano, ni vya kwao vya kienyeji walikuja navyo, hilo hakuna wa kulaumiwa. Lakini wengine damu yao ilikuwa na dawa ya malaria ndani yake. Yaani mtu kadungwa vimelea na tayari mwilini ana dawa ya kuviua, sasa ukiona hajaugua utajuaje ni kinga yake ama ni vidonge?

Sitaki kumwita mtu mwongo hapa. Sote tunajua dawa inavyonunuliwa huku, kichwa kinagonga kidogo unapita dukani kwa mwenye duka anakukatia vidonge viwili vitatu vya mseto bila risiti bila jina, baada ya wiki umeshasahau hata ulikunywa nini. Mwingine hakuona kama ni jambo la kutaja. Na huenda mwingine alikumbuka vizuri sana, akanyamaza, manake alijua akitaja atatolewa.

Na hapo tunafika kwenye pesa.

Washiriki walilipwa fidia ya siku walizokaa, na hilo lilizua maneno mengi, kwamba watu maskini wananunuliwa waugue. Wanasayansi ya jamii wa hapo hapo Kilifi walikaa chini na washiriki na watu wa kwao wakawauliza, na pesa ilitajwa sana kama sababu ya kuingia, wala hawakuificha, pamoja na kupimwa afya na kutaka kusaidia kupatikana kwa chanjo. Mimi sioni aibu yoyote hapo. Mtu wa kibarua ukimfungia hosteli wiki tatu usimpe kitu, watoto wake wale nini, watakula sayansi? Kutomlipa ndo unyonyaji. Ila pesa ina kazi nyingine ambayo watu hawaiongelei. Wanaohofia wanasema pesa inamfumba mtu macho asione hatari. Mimi kwa niliyoyaona nyanjani macho yanaona vizuri tu, watu wanajua wanachoingia, wanauliza, wanapiga hesabu. Kinachofumbwa ni mdomo. Mtu anaficha dawa aliyokunywa, anaficha kwamba kifua humbana usiku, dada anaficha kwamba hajaona siku zake mwezi huu, mwingine yuko kwenye utafiti mwingine upande wa pili wa mji na anachukua fidia mbili. Na mdomo ukifumbwa ule ulinzi wote niliokueleza, hosteli, PCR, daktari wa usiku, unakuwa na tundu ambalo hakuna anayelijua isipokuwa wewe mwenyewe uliyelitoboa. Kwenye malaria ya Kilifi tundu hilo liliharibu hesabu za wanasayansi. Kwenye chanjo mpya ama dawa mpya linaweza kukuumiza wewe, manake dawa mbili zikikutana mwilini na daktari anajua moja tu, atatibu kwa kubahatisha.

Ndo maana swali la kwanza nililomwambia shemeji aende nalo ni la pesa yenyewe, na aliulize bila haya. Nikitolewa katikati, nikiugua mapema, nikiamua mwenyewe kuacha, nalipwa vipi? Kama jibu ni kwamba unalipwa siku ulizokaa, sawa. Kama jibu ni kwamba hupati hata senti mpaka umalize yote, basi hiyo pesa imegeuka kamba, na ile sentensi iliyoandikwa kwenye kila fomu, kwamba unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu na bila kunyimwa huduma yako ya kawaida, imekuwa pambo tu.

La pili ni nikidhurika nani analipa hospitali. Kwenye fomu lazima kuwe na habari ya bima ama matibabu ya madhara yanayotokana na utafiti, na isomwe mpaka mwisho, ni kwa muda gani na ni kwa madhara gani. La tatu nani nimpigie, na hapa fomu inatakiwa iwe na namba mbili tofauti, ya mtafiti na ya kamati ya maadili. Ile ya pili ndo ya maana siku umegombana na wa kwanza. Kwa hapa Kenya utafiti unapita kwanza kwenye kamati ya maadili, kama ni dawa ama chanjo unaenda pia Bodi ya Dawa na Sumu, na kuna leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi. Ndugu zetu wa Tanzania Bara wao ni NIMR, taasisi yao ya utafiti wa magonjwa, na TMDA, mamlaka yao ya dawa. Majaribio mengi ya Afrika yanaandikishwa pia kwenye PACTR, rejista ya majaribio ya tiba ya Afrika nzima iliyoko Afrika Kusini, iko wazi kwenye intaneti, unaandika jina la utafiti unauona. Mtu anayekwambia ana utafiti na hauonekani popote, kunywa chai yako uende zako.

Na kama hujaitwa na unataka kujitolea, usiende kukaa getini kwa watu. Habari huja kwa baraza la chifu, kwa wawakilishi wa jamii, zahanati, redio za huku, saa zingine wahudumu wa nyanjani wanapita nyumba kwa nyumba. Hakuna pesa ya usajili. Yule anayekutumia meseji kwamba tuma mia tatu upate nafasi ya utafiti ni mwizi, hata kama ameweka picha ya mtu amevaa koti jeupe.

Kuna kitu kimoja shemeji kilimshinda kuingia kichwani nikarudia mara tatu. Akasema lakini hii chanjo si itanikinga? Nikamwambia hapana, wewe huendi pale kama mgonjwa. Awamu za mwanzo wanaangalia kama kitu ni salama, kwa watu wachache, awamu ya pili wanatafuta kiasi sahihi na kama mwili unaitikia, ya tatu ndo maelfu ya watu kuona kama inakinga kweli. Ile chanjo ya malaria ya RTS,S awamu yake ya tatu ilikuwa na watoto zaidi ya 15,000 kwenye nchi saba za Afrika, Kilifi na Bagamoyo zikiwemo, na watoto hao walifuatiliwa miaka. Ya kwako hii ni ya mapema, inaweza isifanye kazi kabisa, na unaweza kupangiwa kundi linalopata chanjo nyingine kabisa, na wewe usijue wala nesi anayekuhudumia asijue. Akanyamaza. Halafu akasema kwa hivyo mimi ndo naisaidia chanjo, si yenyewe inayonisaidia mimi. Basi, nikamwambia, sasa unaweza kusaini ama usisaini, vyote sawa.

Hakusaini usiku ule. Kuhusu ile alama ya damu kuhifadhiwa nilimwambia arudi kwa aliyempa fomu amwombe amsomee sehemu hiyo kwa sauti, si kumwonyesha pa kuweka kidole, na akaenda, na yule kijana akamsomea yote kwa Kigiriama kwa karibu saa nzima chini ya mwembe, kumbe kijana mwenyewe hakuwa mbaya, alikuwa na haraka tu.

Jumanne ikafika akaenda kupimwa. Saa nne na nusu simu inalia, ni yeye, ananong'ona, nasikia mlango wa choo unagonga nyuma yake.

"Shem, wananiuliza kama nimekunywa dawa ya malaria hivi karibuni. Ile juzi ya dukani nayo ni dawa?"

Nikamuuliza ilikuwa nini. Akasema ni vile vya manjano, vinne, alikunywa mara moja akajisikia poa akaacha.

"Ni dawa. Sema."

"Nikisema watanitoa."

"Sema."

Akakata simu. Jioni akaja amenuna, akala wali wake kimya mpaka akamaliza. Walimrudishia nauli, wakamwambia asubiri dawa iishe mwilini, wakampa tarehe nyingine kama nafasi zitakuwa bado zipo, na daktari akamgombeza kwa kukunywa nusu dozi. Siku nzima ya boda imeenda, na alinifanya nione kana kwamba nimeila mimi. Fomu akaniachia niweke juu ya kabati watoto wasije wakaichorea, na ile tarehe nilikuja kuiona kesho yake, ameiandika kwa kalamu nyeusi ya wino mzito kwenye tangi la pikipiki, chini ya namba ya mama watoto wake.